Binti Yako Akiitwa Kuigiza Filamu: Mwongozo kwa Mzazi wa Kigoma

Wapiga filamu wakifika Ujiji au Kibirizi na kumpenda binti yako, anza na umri wake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kufanya kazi, nayo iwe kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumkosesha masomo. Kwa hiyo, ikiwa hajafikia umri huo, mwone afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako kabla hujaahidi lolote, na umtake mtayarishaji aonyeshe kibali cha Bodi ya Filamu.

Wakikuomba umtaje kuwa mdogo kuliko alivyo, kataa. Shirley Temple, mwigizaji wa filamu wa Marekani aliyezaliwa California mwaka 1928 na kuanza kuigiza akiwa na miaka mitatu, alipunguziwa mwaka mmoja ili azidi kuonekana mtoto, naye akaja kuujua umri wake wa kweli siku aliyodhani anatimiza miaka 12.

Fedha ndizo zinazohitaji uangalifu mkubwa zaidi, na hapa wanaojikwaa mara nyingi ni wazazi wema. Baba yake Temple alikuwa mfanyakazi wa benki, mtu wa hesabu, lakini binti alipokuwa mtu mzima na kuulizia zaidi ya dola milioni 3 alizokuwa amezichuma, alikuta zimebaki takribani dola 44,000. Kabla ya hapo, Jackie Coogan, aliyevuma akiwa mtoto katika filamu ya Charlie Chaplin ya mwaka 1921, alilazimika kumshtaki mama yake mzazi na baba yake wa kambo mwaka 1938 akidai fedha alizozichuma. Mwaka uliofuata California ikatunga sheria ya kulinda mapato ya watoto waigizaji, ambayo sasa inataka asilimia 15 ya malipo itengwe kwa ajili ya mtoto mwenyewe.

Wewe unaweza kutenga zaidi ya hapo. Fungua akaunti ya mtoto kwa cheti chake cha kuzaliwa, kisha mkataba utamke kwamba malipo yataingia humo moja kwa moja, si mkononi mwako wala katika simu ya mjomba aliyewaunganisha na kazi hiyo. Ada, sare na madaftari vinaweza kulipiwa kutoka humo, ila kila shilingi iandikwe katika daftari ambalo binti ataruhusiwa kulisoma. Paa la nyumba na mtaji wa dagaa vitafutiwe fedha nyingine, hata kama nia ni njema.

Kuhusu masomo, mpelekee mwalimu mkuu ratiba ya kurekodi mapema, na usikubali kazi inayovuka saa mbili usiku. Mandhari ya ziwani yasirekodiwe mtoto akiwa hana jaketi okozi karibu, na akihitajika Dar es Salaam, asafiri na ndugu mtu mzima anayeaminiwa na binti mwenyewe, si anayeaminiwa na watayarishaji.

Mwisho, mkataba uwe na kifungu kinachomruhusu kuacha. Temple aliacha filamu akiwa na miaka 22, na baadaye akawa balozi wa Marekani nchini Ghana kuanzia mwaka 1974. Kabla ya kutia saini, msomee binti kifungu hicho kwa sauti, na nakala moja ya mkataba itunzwe na shangazi asiye na mgawo wowote katika malipo.