Televisheni ya hoteli kwa bei chee: ikague hivi kabla ya kutoa pesa

Mtu akiniuliza wapi atapata televisheni nzuri Unguja kwa pesa kidogo, mimi fundi humwambia atafute zinazotolewa mahotelini. TV ya chumbani haifanyi kazi sana, maana mgeni anashinda pwani na usiku huiwasha kidogo tu akalala. Za migahawani na baa ni habari nyingine. Hizo zinawaka tangu asubuhi, usizisogelee.

Hatua ya 1: Subiri masika. Aprili na Mei wageni hupungua. Hoteli nyingi za Nungwi, Kiwengwa na Paje hufunga au hufanya ukarabati, na vitu vya vyumbani huuzwa kwa mkupuo. Waulize jamaa wanaofanya kazi huko kabla mzigo haujaingia mikononi mwa madalali wa mjini. Pita pia Darajani na Mlandege uulize bei ya mpya ya ukubwa huohuo. Iliyotumika isizidi nusu ya bei hiyo, hata ikiwa inang'aa vipi.

Hatua ya 2: Igeuze, usome stika ya nyuma. Umeme wetu ni volti 230. Palipoandikwa 100–240V, sawa. Palipoandikwa 120V peke yake, hiyo ni ya soko la Marekani, na ukiichomeka ukutani bila ya transfoma utaiunguza. Namba ya modeli itafute kwenye intaneti ujue ni ya mwaka gani. Chukua na futi: inchi hupimwa kona kwa kona ya kioo bila ya fremu. Inchi 32 ni sentimita 81, 43 ni 109, na 55 ni kama 140.

Hatua ya 3: Tafuta kutu. Hapa usiwe na haraka, kwani upepo wa bahari una chumvi na unaingia kila pahala. Mulika tochi kwenye matundu ya HDMI na ya antena. Skrubu kushika kutu kidogo si neno. Lakini ukiona unga wa kijani ndani ya tundu, shaba imeshaanza kuliwa, na khofu yangu ni kwamba bodi ya ndani nayo iko hivyohivyo. TV ya namna hiyo inaweza kuwaka vizuri leo, baada ya miezi michache ikaanza kujizima yenyewe mkitizama. Iache, hata kwa bei ya kutupa.

Hatua ya 4: Iwashe, ikae nusu saa. Ukiambiwa "umeme hapana, lakini nzima hiyo", rudi siku umeme upo. Njoo na flashi yenye picha za rangi tupu. Kwenye nyeupe, tizama mabaka ya buluu au zambarau. Hizo ni taa za nyuma ya kioo zinachoka. Kwenye nyeusi, funga mapazia utafute nukta zinazobaki zinawaka. TV yenye kioo kilichopasuka au chenye mistari usiichukue, kwa sababu kioo kipya bei yake hukaribia ya TV nzima.

Taa ndizo zinazotengenezeka, na hapo ndipo penye bei nzuri khasa. Ikiwa sauti ipo na kioo ni giza, washa tochi ya simu, iweke karibu na kioo kwa mshazari. Ukiona picha hafifu zinatembea, kioo ni kizima, taa tu zimekufa. Patana bei ya TV mbovu, ujumlishe na gharama ya kubadilisha taa, kisha ndipo uamue.

Hatua ya 5: Kufuli la hoteli lifunguliwe mbele yako. Nyingi zimewekewa kikomo cha sauti, nyengine hata HDMI imefungwa, na king'amuzi chako hakitaonesha kitu. Kila kampuni ina namba zake. Samsung nyingi za hoteli hufunguka kwa kubonyeza kitufe cha kuzima sauti, 1, 1, 9, kisha cha kukubali. Ndiyo maana rimoti yake lazima uidai. Jaribu pia kama YouTube ipo. Kuna za hoteli zisizokuwa na programu hizo kabisa.

Hatua ya 6: Karatasi, safari na nyumbani. Omba risiti yenye muhuri wa hoteli na namba ya TV, usije ukaulizwa umeitoa wapi. Isafirishe wima, kioo kikiwa kimefunikwa blanketi. Wa Pemba asikubali ilazwe chini ya mizigo ya watu ndani ya boti. Umeme ukikatika, zima swichi ya ukutani, na ukirudi uache utulie dakika chache ndipo uwashe. Kisha ingia kwenye menyu ya picha uushushe mwanga wa taa hadi nusu. Kwa sebule ya usiku unatosha, na taa zitadumu zaidi.