Gato ya kijiti ya Noeli: vile minaifanyaka hapa Bukavu, ku mbabula ya makala, bila furu

Tangu mwezi wa 12 unaanza, bamama na badada bananiuliza kitu moja: ile gato ya kidogo ya muviringo, ya kupakwa shokola, yenye batoto banashika na kijiti sawa bombo, inafanywaka je, juu nilijaribu ikaanguka yote. Naandika yote hapa, na kwenye inaharibikaka nitakawia, kwenye iko mwepesi nitapita mbio.

Minapikaka gato za batizo, komunyo na ndoa hapa Kadutu, lakini kwa Noeli na Bonane hii njo minapenda kufanya kupita zingine zote. Gato moja ya kawaida ukiikata mu sahani inaisha ku batu kumi na mbili, ukiigeuza ya kijiti inatoka karibu 25, kila mutoto anapata yake nzima, hakuna wa kulia eti ya mwenzake ni kubwa, na hauoshe sahani hata moja. Tena gato yenye ilipasuka ao ilishuka katikati hautupe, juu hapa tunaivunja-vunja tu. Huko Marekani batu balikuwaka banafanya mipira ya gato tangu zamani, sasa mu 2008 Angie Dudley, mwenye banaita Bakerella, akaitia kijiti na kuionyesha ku intaneti, njo ikaenea dunia nzima.

Bintu vya kutafuta. Kwa gato: unga ya ngano gramu 200, sukari 150, margarini 100, mayai 3, maziwa nusu kikombe, kakao bijiko bikubwa 3, chumvi kidogo, na levire ya gato (baking powder, si ile ya mukate) kijiko kidogo 1 ya kulingana, si ya kujaza mulima. Kwa krimu ya kushikanisha: margarini gramu 40 na sukari ya unga gramu 80. Shokola ya kupaka gramu 350 mpaka 400, ingine itabakia mu kikombe, lakini bila hiyo nyingi hauwezi kuchovya muzuri. Na bijiti vya brosheti, vile virefu vya babu, unavikata katikati na ile sehemu ya nchongo unaitupa kabisa, mutoto asijichome mu mudomo. Usiruke hiyo.

Kuhusu levire, nasikia batu banasema nilifuata kipimo ya ku intaneti na gato ikapanda mbio kisha ikashuka katikati sawa shimo. Bukavu tuko juu, karibu metre 1500, hewa iko mwepesi, mayi yenyewe inachemka karibu 95 badala ya 100, kwa hiyo hewa ya levire inapanua gato haraka mbele unga haijashika. Kama kipimo ya mbali inasema bijiko 2, we weka 1. Ba Lubumbashi pia bako juu, zaidi ya metre 1200, bapunguze kidogo.

Hatua ya 1, gato. Pika siku moja mbele, kama sherehe ni ya 24 magaribi, pika 23. Piga margarini na sukari mpaka igeuke nyeupe-nyeupe, tia yai moja moja, kisha unga na kakao na levire ukibadilisha na maziwa, usipige tena sana. Mwenye iko na furu na kura (umeme) iko, weka 180 kwa dakika 35. Lakini na delestaji ya mwezi wa 12, ile kukatwa-katwa kwa kura, mi siaminie kura kwa gato ya bageni, natumiaka mbabula. Twaa sufuria kubwa nzito, tia ndani mchanga mukavu urefu wa bidole viwili, funika, acha ku moto dakika 15. Kisha toa nusu ya makala chini, weka mule sahani ya gato yenye ulipaka margarini, funika, na juu ya kifuniko panga makala tano ao sita. Dakika 40 mpaka 50. Usifunue mbele ya dakika 30. Chomeka kijiti katikati, kikitoka kikavu imeiva.

Tafazali, mu mvua ya mwezi wa 12 usiingize mbabula mu nyumba ya kufungwa. Moshi ya makala yenye haionekane iko na sumu, haina harufu, na inaua batu mu usingizi. Weka ku barza ao chini ya paa ya inje, mpaka makala yote izimike.

Hatua ya 2, kuvunja. Gato ikipoa kabisa (si vuguvugu, kabisa, njo maana nasema siku moja mbele), kata ile ngozi ya nje yenye ilikauka, ya pembeni na ya chini, maana haiyeyuke na utaisikia mu meno sawa kijiwe. Inayobaki, sugua na bidole mpaka iwe sawa mchanga wa kulowana. Mbio mbio, batoto bapewe hiyo kazi, banaipenda.

Hatua ya 3, krimu, na hapa njo kazi yote iko. Piga margarini na sukari ya unga, kisha usimwange yote mu gato. Anza na bijiko bikubwa 2, changa na mukono, finya ngumi. Ukifungua ngumi na donge ikabaki nzima, ina alama ya bidole vyako wazi wazi lakini mukono haujapakwa mafuta, simama hapo. Ikivunjika, ongeza nusu kijiko. Ikingara na kunata mu kiganja, umepita, na dawa ni moja tu: kuongeza gato ingine kavu. Siku zingine natumia bijiko 3, siku zingine 5, inategemea gato ilikauka namna gani, kwa hiyo usiniulize gramu ya sawasawa, uliza mukono. Krimu nyingi njo inaangushaka gato ku kijiti, si kijiti kibaya. Batu wengi banafikiri eti ikiwa laini itakuwa tamu zaidi, hapana, inakuwa matope yenye sukari. Mwenye hana sukari ya unga anaweza tumia konfitiri ya fraizi ao maziwa nzito ya mukopo, lakini pole pole zaidi, iko na mayi ndani.

Hatua ya 4, mipira. Pima gramu 25 mpaka 30, sawa ukubwa wa ndimu ndogo. Finya kwanza kwa nguvu mara tatu ine, ndipo uzungushe. Ukizungusha bila kufinya inapasuka ndani hata kama nje iko muzuri. Panga ku sahani, funika, mu frigo dakika 30 mpaka 45. Hakuna frigo? Baridi ya usiku ya Bukavu inatosha, acha karibu na dirisha mpaka asubuhi, ifunikwe na nguo mbele ya mende na sisimizi.

Mu kongelateri hapana. Nilifanyaka hiyo kosa mwaka wa kwanza, nilikuwa na kazi ya gato 60 ya Noeli ya batoto ba kwaya, kura ilirudia saa tisa, nikaona acha nisukume yote mu kongelateri iende mbio. Zilitoka ngumu sawa jiwe, nikachovya mu shokola ya moto, zikangara vizuri sana, nikafurahi. Nusu saa kisha nasikia ku meza tik, tik, shokola inapasuka yenyewe moja moja, kila moja na mustari kutoka juu mpaka chini na mafuta inatoka mule. Gato ya kugandishwa ikianza kupata joto inapanuka, na shokola juu imeshakauka, haina njia isipokuwa kupasuka. Nilikaa usiku nzima nikipaka mara ya pili kufunika ile mistari. Tangu hapo minashikaka hii: gato ya baridi kidogo, shokola ya vuguvugu, zisiachane mbali.

Hatua ya 5, shokola. Kata ndogo ndogo na kisu. Sufuria na mayi bidole viwili, ichemke, zima ao shusha moto, juu yake weka bakuli yenye haiguse mayi. Yeyusha sehemu mbili juu ya tatu, toa ku moto, pangusa chini ya bakuli, kisha tia ile sehemu ya tatu na uchange pole pole mpaka iyeyuke na joto ya zingine. Hiyo kuchanganya njo inafanya shokola ya kweli ingare na ivunjike kak mu meno, bila hiyo inabaki na madoa meupe. Ile ya bei ya chini yenye mafuta ya mimea haina shida hiyo, yeyusha tu yote. Kama iko nzito, kijiko kikubwa 1 ya mafuta ya alizeti ao ya nazi kwa gramu 200. Mafuta ya mawese hapana, inageuza rangi na ladha.

Na mayi, hata tone moja, hapana. Ukifunika bakuli, mvuke inakuwa tone ku kifuniko na kuanguka ndani, na shokola yote inashikana sawa udongo, hauirudishie tena kwa kupaka. Rangi ya gato yenye ni ya mayi inafanya vile vile, kwa hiyo kama unataka nyekundu ao kijani ya Noeli ku shokola nyeupe, tafuta ya unga ao ya mafuta.

Hatua ya 6, kijiti. Mimina shokola mu kikombe kirefu chembamba. Chovya ncha ya kijiti sentimetre 1 na nusu, chomeka mu mupira mpaka katikati, usipitishe. Acha dakika 5. Ile shokola ikikauka njo gundi yako, bila hiyo hata krimu ya muzuri haisaidie.

Hatua ya 7, kupaka. Shusha gato wima mu kikombe mpaka shokola ifunike na iguse kijiti kidogo, inua wima. Usizungushe ndani, kuzungusha njo kunaitoaka ku kijiti. Shika kijiti na mukono wa kuume, na bidole vya kushoto gonga-gonga kifundo cha ule mukono, pole, shokola inatelemuka yenyewe na kubaki nyembamba. Ukiona tone ya mwisho imeanguka, mara moja tia mapambo: karanga za kukaanga na kutwanga, nazi ya kukwaruza, ao vermiseli za rangi (zile sukari ndogo ndogo za kunyunyiza). Ukingojea dakika mbili haishike tena. Karanga ziweke pembeni na uulize bazazi mbele, maana kuko batoto zinabafunga pumuzi.

Za kusimamisha: kata shu (kabeji) ya kubwa katikati, ilaze ku sahani, vikita bijiti juu yake kila kimoja na nafasi. Shu inashika vizuri kupita kiazi, na kesho yake unaosha na kuipika. Mwenye ana mugomba ku parsela anaweza kata kipande, unashika hata gato 40.

Zinakaa siku 3 ao 4 mu frigo ndani ya kitu ya kufungwa. Ku meza, kwa krimu ya margarini, tangu asubuhi mpaka usiku haina neno, lakini mbali na jua na mbali na mbabula, siagi ya kakao, yale mafuta ya ndani ya shokola, inayeyuka karibu digri 34, hata mukono wa mutoto unatosha.

Kusafirisha pia: twaa plato mbili za mayai, zile za karton, zipandanishe, uzigeuze kichwa chini, toboa bile bilima na musumari, chomeka bijiti. Ziweke mu karton yenye haiachie nafasi pembeni, tia magazeti. Mwaka jana nilipandisha 48 hivyo ku pikipiki, hapa Bukavu, kutoka Panzi mpaka Nguba, karton ku magoti, nikaomba dereva apite pole ku mashimo, na zilifika zote 48 na vermiseli zake.