Mpe mkalimani mistari mapema

Ukienda misheni nje ya nchi na utahubiri kupitia mkalimani, kaa naye usiku wa kuamkia ibada. Mpe mistari yote, aitafute kwenye Biblia ya lugha yake. Mimi nilitaja tu Zaburi ya 23 pale madhabahuni; mkalimani wangu akafungua ya 23 na kusoma maneno mengine kabisa. Biblia yake ilikuwa ya Kirusi, na humo zaburi ya Bwana mchungaji wangu ni ya 22. Alipekua kurasa, kanisa zima kimya, na kosa lilikuwa langu. Methali za kwenu ziache. Sema sentensi moja fupi, nyamaza, amalize. Macho yako yawe kwa waumini, si kwake.