Namna ya kumjenga shujaa wa kike wa msituni kwa simulizi ya Kanda ya Ziwa

Mwaka 1937 alitokea Sheena, mhusika wa katuni aliyebuniwa na Wamarekani Will Eisner na Jerry Iger, na mashujaa wengi wa msituni waliokuja baadaye walishonwa kwa kipimo chake: yatima wa kizungu, ngozi ya chui mwilini, mnyama rafiki, kisu, na mwanaume wa kuokolewa. Kipimo hicho kina kasoro kubwa. Waliozaliwa kandokando ya msitu hawajui lolote, yeye ndiye anajua yote. Msomaji aliyekulia Igombe au Sengerema ataikataa hadithi hiyo kabla ya sehemu ya pili.

Anza na msitu, mtu atafuata. Simba ni mnyama wa mbuga, usimfiche kwenye miti iliyosongamana. Kwa upande wetu kielelezo bora ni kisiwa cha Rubondo, mkoani Geita, ambacho sehemu yake kubwa ni msitu. Nzohe (swala wa kwenye vinamasi), viboko na mamba ni wenyeji wake. Sokwe waliletwa kati ya 1966 na 1969, wengi wakitoka kwenye bustani za wanyama za Ulaya, na katika miaka hiyohiyo ya sitini wavuvi waliokuwa wakiishi kisiwani walihamishiwa ng'ambo. Hapo ndipo penye hadithi: watu wanatolewa, sokwe wanaingizwa. Bibi aliyehamishwa mwaka 1966 akiwa na miaka 10 angekuwa na miaka 59 mwaka 2015, na mjukuu wake wa miaka 19 ndiye shujaa wako. Huhitaji ajali ya ndege wala mtoto aliyenyonyeshwa na nyani. Kipe kisiwa chako jina la kubuni ili uwe huru kupanga njia na ghuba, lakini sheria za maumbile zibaki za kweli.

Kisha mpe ujuzi usiozidi mitatu, na kila ujuzi uwe na mwalimu wake na gharama yake. Shujaa anayejua kila kitu hana wa kumhofia. Kwa nyoka, mlete mzee wa Bayeye, chama cha Wasukuma cha wacheza nyoka na waganguzi wa sumu. Makumbusho ya Bujora, Kisesa, ni pa kuanzia kuwasoma. Hapa waandishi wengi huteleza. Chatu hana sumu, huua kwa kubana. Swila, aina ya kobra, hutema sumu machoni, na msaada wa kwanza ni kuosha kwa maji mengi. Kidonda cha nyoka hakinyonywi kwa mdomo, hata kama sinema zimefanya hivyo miaka yote. Kifutu hakimbii, hulala palepale akitegemea rangi yake, ndiyo maana hukanyagwa. Iandike tabia hiyo, si neno "hatari":

"Alisimamisha mguu hewani. Kati ya majani makavu kulikuwa na majani yaliyokuwa yakipumua."

Maneno kumi na mawili, na msomaji anashusha mguu wake polepole.

Rafiki akiwa sokwe, kumbuka kila jioni hujenga kiota kipya mtini, na hawezi kuogelea. Kwa hiyo hamfuati shujaa ng'ambo. Kuagana kwao ufukweni ni tukio umepewa bure, litumie.

Mavazi: ngozi ikilowa huwa nzito na kunuka. Mvike kaptula ya mtumba na kitenge kilichofungwa kiunoni. Epuka nyeusi na bluu iliyokoza, maana mbung'o huzifuata rangi hizo. Mvike bluu jangili.

Kuhusu kuning'inia kwenye mitambaazi: mmea huo una mizizi chini ardhini, hivyo haubembei mpaka ukatwe shina. Akitaka kuvuka hivyo, aukate kwa panga jana yake na auvute kwa uzito wake mara mbili au tatu kwanza. Maandalizi hayo yanasisimua kuliko ule mruko wa ghafla tuliouzoea.

Ziwa ndilo litakupangia saa, nalo halidanganyiki. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea, taa hazivuti samaki na wavuvi hupumzika. Jangili atavuka kwa mbalamwezi, maana hakuna mashahidi majini. Shujaa atavuka gizani, akijificha katikati ya mistari ya taa. Usiku upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, mchana hugeuka. Mtumbwi wa makasia ukirudi saa nane usiku utapambana na upepo huo, na radi nyingi za ziwani ni za usiku. Ukichora kalenda ya mwezi ya siku 29 kabla ya kuandika, nusu ya visa vitajipanga vyenyewe.

Mwanaume wa mjini si lazima. Akiwepo, awe na kazi inayoeleweka, mathalani fundi wa injini za boti, asije kuokolewa tu.

Jambo gumu zaidi ni jamii. Mpe mwalo, yaani ufuko wa kushushia samaki, wa kurudi. Kwenye mialo mingi wanawake huanika na kuuza dagaa, na kupanda mtumbwi kwenda kuvua huonekana ni kazi ya wanaume. Anayeendesha mtumbwi usiku atasemwa, mama yake ataulizwa, mnunuzi ataanza kumpunja kwenye ndoo. Mgogoro huu utakubeba sehemu nyingi kuliko mamba yeyote. Mamba mmoja kwa simulizi nzima anatosha. Na aseme kama watu wa kwao: "shikamoo" kwa mzee, Kizinza kwa bibi, Kiswahili cha mwaloni kwa wanunuzi.

Ukirusha kwenye simu, sehemu moja iwe na maneno 700 hadi 900 na hatari moja tu. Ikate pale anapotakiwa kuamua, si pale anapopiga kelele. Na kabla hujaandika "itaendelea", msomee mtu aliyewahi kulala ziwani, umuulize upepo ulikuwa unatoka wapi.