Tiketi ya besiboli: usilipe kabla haijaingia kwenye simu yako

Msimu wa besiboli wa Marekani huanza mwishoni mwa Machi, na wiki hizi za mwanzo magrupu yetu ya WhatsApp hujaa matangazo: "Nina tiketi za Jumamosi, nauza bei poa, wahi inbox." Naandika kwa sababu tangazo la namna hiyo liliiumiza familia yangu, mama mzazi akiwa amekuja kututembelea, na tangu hapo nimekisikia kisa kilekile kutoka kwa Wakenya wa mjini kwetu na kwa Wakongo wa mji wa jirani. Kwa hiyo nitakaa sana kwenye jambo moja, mengine nitayapitia haraka.

Jambo lenyewe ni hili. Kwenye ligi kuu, yaani MLB, tiketi ya karatasi imekwisha. Tiketi inakaa kwenye akaunti ya mtu, na getini unaifungua kwa programu ya simu iitwayo MLB Ballpark. Picha ya skrini haikubaliwi. Mtu akitaka kukuuzia au kukupa tiketi, anaihamisha: anaandika barua pepe yako au namba yako, wewe unapata ujumbe wenye kitufe cha kupokea, unaingia kwenye akaunti yako, unabonyeza. Ukishapokea, tiketi inatoka kwake moja kwa moja na msimbo wake wa zamani, ule unaosomwa na mashine ya getini, unakufa. Hapo ndipo ni yako.

Kabla ya hapo si yako. Ujumbe unaosema "umehamishiwa tiketi" si tiketi. Hata kama umeandikwa sehemu, safu na namba ya kiti, mradi hujapokea, aliyetuma anaweza kuufuta uhamisho kwa kubonyeza mara moja, tiketi ikarudi kwake, akamhamishia mtu mwingine.

Ndivyo tulivyofanyiwa. Muuzaji alikuwa mtu wa jumuiya yetu, mtu tuliyekaa naye meza moja harusini. Akatumiwa pesa kwa Zelle, huduma ya huku ya kutumiana pesa benki kwa benki, na ujumbe wa uhamisho ukafika dakika hiyohiyo, viti vyote vinaonekana. Kisha akapiga simu mwenyewe kutuonya tusipokee mpaka tufike uwanjani, eti programu hugoma mtu akipokea mapema. Alisema kwa sauti ya mtu anayekutakia mema. Tulipofika getini, kubonyeza tu, pakatokea maandishi kwamba uhamisho umefutwa na aliyetuma. Mama alikuwa amejifunga kanga mbili juu ya koti la kuazima, upepo unampiga usoni, watoto wanaruka-ruka kupata joto. Mhudumu wa getini, mama wa makamo mwenye miwani ya mnyororo, aliichukua ile simu akaisoma mara mbili, akanionyesha kwa kidole pale palipoandikwa, akasema pole. Hakuwa na la kufanya, na kwa kweli halikuwa kosa lake. Simu ya muuzaji ikawa inaita bila kupokelewa. Kiongozi wa grupu, nilipomwandikia usiku ule, akajibu tuyamalize wenyewe, tusichafue jina la jumuiya.

Kwa hiyo nasema, na nitasema tena kabla sijamaliza: pokea kwanza, lipa baadaye. Muuzaji akikwambia usipokee mpaka ufike, hapo ndipo mtego ulipo, hata kama ni shemeji yako. Programu haigomi kwa sababu umepokea mapema. Upokee wiki mbili kabla, upokee asubuhi ya mechi, tiketi itakaa palepale ikikusubiri.

Na kama muuzaji naye anaogopa kuhamisha kabla ya kulipwa? Ana haki ya kuogopa. Basi msiuziane mkononi. Nunua kwenye tovuti ya klabu au tovuti ya kuuzia tena inayoshika pesa mpaka tiketi ifike, na ulipe kwa kadi ya mkopo, ambayo malipo yake unaweza kuyapinga benki. Pesa ya Zelle ukishaituma kwa hiari yako mwenyewe imekwenda; usitegemee kupiga simu huduma kwa wateja ukaomba muamala urudishwe kama tulivyozoea nyumbani. Tangu Mei 2025 wauzaji wa tiketi za matukio huku wanalazimika kuonyesha bei kamili pamoja na ada tangu mwanzo, kwa hiyo ile hofu kwamba kwenye tovuti utakuta makato ya kukushtua mwishoni imepungua sana.

Isitoshe, haraka ya kununua kwa mlanguzi haina msingi mwezi wa Aprili. Kila timu inacheza mechi 162 kwa msimu, 81 nyumbani. Ukiondoa siku ya ufunguzi, mechi za katikati ya wiki mwanzoni mwa msimu hukosa watu, kwa kuwa ni baridi na shule hazijafungwa. Bei hupanda na kushuka kufuata mpinzani na siku. Jumanne usiku dhidi ya timu isiyo na jina utakaa mahali ambapo Julai usingepagusa.

Sasa niseme na wazee wetu, kwa heshima. Mjomba wangu aliposikia habari hii kutoka Morogoro aliniambia, "Ungeongea naye vizuri tu yule wa getini, ungemweleza mama ametoka mbali." Mjomba, shikamoo, lakini huku hakuna wa kuongea naye. Wewe mwenyewe unajua pale uwanja wa Mkapa, Dar es Salaam, sasa hivi shabiki anapitisha kadi ya N-Card na geti halimwulizi ametoka wapi. Huku ni hivyo na zaidi: yule mhudumu hana ufunguo, ana mashine tu, na mashine ikikataa amekwisha. Shangazi naye huniuliza kwa nini nisiwapigie picha tiketi wageni ili kila mmoja awe nayo. Picha hizo zitawaacha nje, shangazi. Mashine inasoma msimbo ulio hai ndani ya programu.

Kuna mtego mdogo unaofuatana na huo mkubwa, unawapata zaidi wageni waliokuja kwa viza ya matembezi. Kufungua akaunti au kuingia kwenye akaunti, mara nyingi unatumiwa namba ya uthibitisho. Mgeni wako ana laini ya nyumbani, haipokei ujumbe huku, au barua pepe yake ilifunguliwa na mtoto wa dada yake na neno la siri liko kwa huyo mtoto. Mambo haya yashughulikiwe nyumbani, kwenye kochi, siku kadhaa kabla. Rahisi zaidi ni tiketi za wageni zibaki zote kwenye simu yako, muingie pamoja, uwatangulize wao huku ukipitisha tiketi moja baada ya nyingine. Simu moja inaweza kuingiza familia nzima. Ila mkigawanyika, mmoja akaenda kutafuta maegesho na simu yenye tiketi anayo yeye, wengine watasimama nje mpaka arudi. Chaji simu ijae.

Mengine ni ya kawaida. Mabegi: soma kanuni za uwanja unaokwenda, maana kuna unaokataza begi la mgongoni na kuna unaotaka mfuko unaoonyesha ndani. Pesa taslimu: uwanja wa Tropicana Field kule Florida uliacha kupokea noti mwaka 2019 na vingi vimefuata, kwa hiyo mzee anayetembea na dola kifuani mwambie mapema, viwanja vingine vina mashine ya kugeuza noti kuwa kadi. Soseji nyingi ni za ng'ombe lakini si zote, na asiyekula nguruwe aulize. Wavu wa kuzuia mipira unafika mpaka mwisho wa mabanda ya timu kwenye viwanja vyote 30 tangu 2018. Ukikaa nje ya hapo usimpe mtoto simu ya kuchezea, mpira unakuja kwa kasi.

Baridi nitaipa nafasi zaidi, maana watu wetu hawaamini. Minneapolis, mji wenye Wasomali na Wakenya wengi, uwanja wake wa Target Field uliofunguliwa 2010 hauna paa. Katikati ya Aprili 2018 dhoruba ya theluji iliahirisha mechi tatu mfululizo pale. Aprili! Hata siku ya jua, kukaa kwenye kiti cha plastiki bila kutembea ni tofauti na kukimbilia basi. Mgeni aliyetoka Mombasa juzi avae soksi mbili, kofia ya sufu na glovu, na achukue blanketi.

Na msichelewe. Miaka ya nyuma tuliambiana besiboli ni ndefu, ukifika awamu ya tatu kati ya tisa hujakosa kitu. Ushauri huo umepitwa. Tangu 2023 mrushaji ana saa inayomhesabia: sekunde 15 za kurusha mpira kama hakuna mkimbiaji kwenye vituo, na kama yupo zilikuwa 20 kisha zikapunguzwa hadi 18. Mechi iliyokuwa ikichukua saa tatu na dakika kadhaa kwa wastani sasa inaisha kwa kama saa mbili na dakika arobaini. Binafsi nayapenda mabadiliko haya. Mtoto wa miaka saba anaiona mechi mpaka mwisho. Kuanzia 2026 pia kuna kukata rufaa: mpigaji, mdakaji au mrushaji akigusa kofia yake, uamuzi wa refa juu ya mpira uliorushwa unapimwa na kamera na matokeo yanaonyeshwa kwenye ubao mkubwa, uwanja mzima unangoja. Kila timu inaanza na rufaa mbili. Mweleze mgeni wako hilo mapema, ndiyo sehemu anayoweza kuifurahia bila kujua sheria nyingine yoyote.

Jambo ninalotofautiana na wenyeji ni kamera za getini. Tangu 2023, ulipoanza uwanja wa Philadelphia, baadhi ya viwanja vinakuruhusu kusajili uso wako ukapita bila kutoa simu. Foleni ni fupi kweli, na Wamarekani wanautoa uso wao kwa wepesi unaonishangaza. Ni hiari. Mimi sijasajili na sina mpango. Sisi ambao karatasi zetu zinapitiwa kila mwaka tuna sababu ya kufikiri kabla ya kuacha alama mahali ambapo si lazima. Nchi hii huamini rekodi kuliko mtu aliyesimama mbele yake. Mwaka 2011 vijana wa Uganda walishinda nafasi ya kucheza fainali za dunia za besiboli ya watoto huko Williamsport, Pennsylvania, wakanyimwa viza kwa utata wa nyaraka za umri wao. Wenzao wa Lugazi walifika mwaka uliofuata, wakawa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza pale. Vipaji vilikuwepo miaka yote miwili. Kilichobadilika ni karatasi.

Pamoja na hayo yote, nendeni. Nawaomba hasa mwende tarehe 15 Aprili. Siku hiyo mwaka 1947 Jackie Robinson aliingia uwanjani na Brooklyn Dodgers, mchezaji mweusi wa kwanza wa ligi kuu katika zama hizi, na sasa siku hiyo kila mchezaji wa kila timu huvaa namba yake, 42. Watoto wetu wanaokulia huku wanaitwa weusi kabla hawajaitwa Watanzania au Wakongo. Historia hiyo ni yao, na kuiona mgongoni mwa kila mtu uwanjani kunawafundisha kitu ambacho mimi siwezi kuwafundisha jikoni.

Mwisho, mvua, maana nayo inarudi kwenye akaunti. Mechi ikishatimiza awamu tano, au nne na nusu timu ya nyumbani ikiwa inaongoza, inahesabika imechezwa hata ikikatishwa, na usitarajie kurudishiwa pesa. Ikiahirishwa kabla haijaanza, tiketi inasogezwa kwenye tarehe mpya, na inasogezwa ndani ya akaunti ile iliyokuwa nayo. Kama ulikaa kwenye kiti ambacho tiketi yake ilikuwa kwenye simu ya rafiki, mechi ya marudio ni ya huyo rafiki mpaka akuhamishie. Mwambie akuhamishie usiku huohuo, na uipokee mkiwa bado mnaongea.