Somo: Bango lako la kwanza kwenye kongamano la saikolojia

Habari zenu. Nikiwa mwaka wa tatu nilipeleka kongamanoni jaribio la Stroop, lile la mwaka 1935, ila kwa Kiswahili: neno "nyekundu" limeandikwa kwa wino wa kijani, nawe utaje rangi ya wino. Ulimi unasita, unachukua muda mrefu kuliko neno na wino vikilingana. Nilipita hivi.

Hatua ya 1: Ikisiri, yaani muhtasari wa utafiti wako. Swali, njia, matokeo, basi. Ukiandika "matokeo yatajadiliwa" wahakiki wanajua hujamaliza kazi.

Hatua ya 2: Bango. A0, ile saizi kubwa ya karatasi, ni sm 84 kwa 119. Uliza mapema kama mbao zao zimesimama au zimelala. Mimi sikuuliza, bango likaning'inia kama shuka kwenye kamba. Katikati niliweka orodha ya maneno yenyewe kwa herufi kubwa. Watu walisimama kujijaribu na kuchekana. Grafu yangu, niliyoikeshea siku mbili, haikuvuta mtu.

Hatua ya 3: Mdomo. Hapa ndipo pa kutumia muda. Jizoeze kueleza kwa dakika mbili kwa mtu asiyejua saikolojia. Mimi nilimweleza shangazi, muuza vitenge. Akaniuliza, "Kwa hiyo macho yanasoma hata ukiyakataza?" Siku ya kongamano nilianza na sentensi hiyohiyo.

Hatua ya 4: Beba pini na selotepu. Simama pembeni, usilizibe bango.

MASWALI

Swali: Kaka, ukiulizwa usichokijua?
Jibu: Profesa mmoja alisema "bluu" ni fupi kuliko "nyekundu", huenda tofauti ya muda inatoka hapo. Nilikauka. Nikamwomba barua pepe yake, nikaandika swali. Jibu lilinijia kwenye daladala: kila mshiriki alipewa orodha mbili, moja maneno yanalingana na wino, nyingine hayalingani, ila rangi za wino zilezile, idadi ileile. Majina ya kutaja hayakubadilika. Nilimwandikia usiku uleule.

Swali: P yangu (uwezekano wa kupata tofauti kubwa hivi au zaidi kama kweli hakuna athari) imezidi 0.05, ule mpaka uliozoeleka. Nipeleke tu?
Jibu: Peleka, dada. Ila usiseme "hakuna athari". Sema hukuiona kwenye sampuli yako, na utaje ilikuwa ya watu wangapi.

Swali: Bango la karatasi au la kitambaa?
Jibu: Kitambaa, kama mfuko unaruhusu, unakunja, unatia kwenye begi. La karatasi linataka bomba lake, na konda wa basi aliniambia hilo bomba ni mzigo, lilipiwe.