Kuhudumia shokapu ya mbele ya baiskeli ya milimani kabla chumvi na mchanga wa Mtwara havijaimaliza

Jumamosi iliyopita alinifikia kijana wa Mikindani, anaikokota baiskeli yake kwa mkono.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mwanangu. Imekuwaje tena?"

"Shokapu imegoma, mjomba. Naikandamiza haishuki, ikishuka hairudi. Nilikwenda nayo Msimbati."

Aliposema Msimbati nikajua tutakachokikuta. Alikuwa amepanda ufukweni pale maji yanapokupwa, mchanga ulipo mgumu, magurudumu yakirusha maji ya chumvi moja kwa moja kwenye shokapu. Jioni akaipeleka panapooshwa magari, wakaipiga kwa maji ya mashine. Kesho yake akapulizia mafuta ya kopo, yale ya kulegezea kutu. Mambo matatu, na kila moja lilizidisha la kabla yake. Tulipofungua, maji yaliyotoka yalikuwa na rangi ya chai kavu, na nilipoyasugua kati ya vidole viwili yalikwaruza.

Nimeahidi kumwandikia jinsi tulivyofanya ili awamu nyingine afanye mwenyewe. Naandika kwa ajili ya kila mwenye baiskeli yenye shokapu hapa kwetu, ziwe mpya au za mtumba.

Tuelewane majina kwanza. Mabomba ni yale mawili ya juu yanayong'aa. Miguu ni ile ya nje iliyoshika gurudumu. Bomba huingia ndani ya mguu, na mdomoni mwa mguu kuna sili ya mpira inayofuta vumbi. Chini ya sili kuna kipete cha sponji kinachonyonya oili, na chini ya sponji kuna bushi ambazo bomba hutelezea. Shokapu yako itadumu au haitadumu kutegemea hiyo nafasi ya sentimita chache kati ya sili na bushi. Sponji ikikauka, bomba linasugua kavu. Mchanga ukipita sili, unakaa kwenye sponji na kusaga bomba kila linaposhuka na kupanda, kama msasa.

Hatua ya 1: Kufuta kila siku

Kipande cha fulana ya pamba, chenye unyevu kidogo wa maji baridi yasiyo na chumvi. Futa mabomba yote mawili, zungusha kitambaa pale bomba linapokutana na sili, halafu kausha. Dakika moja inatosha. Wanaokaa Shangani au popote karibu na bahari wafute hata kama baiskeli haikutoka, maana kusi likivuma linaleta chumvi mpaka barazani. Shokapu za bei nafuu zina mabomba ya chuma yaliyopakwa kromu, na kutu huanza kwa vitone vidogo kama punje za ulezi. Kila kitone ni kisu kwa sili.

Usioshe kwa maji ya mashine. Ndoo, sabuni, sponji, basi. Na yale mafuta ya kopo yaweke kwa ajili ya nati zilizoshika kutu. Kwenye sili yanayeyusha grisi na kuipeleka ndani pamoja na uchafu. Siku ya kwanza shokapu italainika, baada ya wiki itakuwa mbaya kuliko ilivyokuwa.

Kuna shokapu za zamani zenye mipira ya kukunjakunja iliyofunika mabomba, na watu wanaipenda wakidhani ni kinga. Mimi naivua. Mchanga ukishaingia humo hauna pa kutokea, na unyevu wa chumvi unalala humo usiku kucha. Badala yake nakata tyubu kuukuu ya baiskeli, naitandaza kati ya taji la shokapu (kile kipande cha juu kinachoshika mabomba yote mawili) na daraja linalounganisha miguu, naifunga kwa vibano vya plastiki. Inazuia mchanga unaorushwa na tairi, na mabomba unaendelea kuyaona. Hakikisha tu haigusi tairi shokapu inaposhuka hadi mwisho.

Hatua ya 2: Upepo au springi

Funga kibano cha plastiki kwa kulegea kwenye bomba, kaa kwenye baiskeli taratibu, shuka, pima kilivyosogea. Shokapu yenye mwendo wa milimita 100 ishuke kama milimita 20 kwa uzito wako. Ikishuka kupita kiasi itakuwa inagonga mwisho kila shimo, na ukiteremka Newala kwenda bonde la Ruvuma utaisikia. Kama ni ya upepo, iongeze kwa pampu ya shokapu, siyo ya tairi. Nafasi ya hewa mle ni ndogo, na pampu ya tairi haikupi kipimo cha kuaminika.

Hatua ya 3: Kujua kama bushi zimekwisha

Kamata breki ya mbele, weka kidole pale bomba linapoingia kwenye sili, sukuma baiskeli mbele na nyuma. Ukihisi mchezo, yaani kulegea, hapo, ni bushi. Ukiuhisi juu, kwenye shingo ya usukani, ni beringi za usukani, na shokapu haina kosa. Nimeona watu wakinunua shokapu nzima kumbe ilikuwa nati ya juu imelegea.

Hatua ya 4: Kuvua miguu

Hapa soma mara mbili kabla hujagusa spana.

Toa gurudumu, vua breki, toa shokapu kwenye fremu ukiweza. Kama ni ya upepo, andika kwanza kipimo chake kisha toa upepo wote, huku ukiikandamiza na kuiachia mpaka valvu inyamaze kabisa. Ikiwa upepo umeisha lakini shokapu bado inasukuma kwa nguvu, acha kazi hapo, mpelekee mwenye uzoefu. Usifungue kitu chenye hewa iliyofungiwa.

Chini ya kila mguu kuna boliti. Imepita kwenye mguu na kuingia kwenye fimbo iliyo ndani: upande mmoja fimbo ya springi au upepo, upande wa pili fimbo ya dampa, kile kifaa kinachotuliza shokapu isirudi kwa kasi. Kwenye upande wa dampa mara nyingi kuna nobu ndogo ya kurekebisha kasi ya kurudi. Hiyo ivutwe itoke kwanza, na kabla ya kuitoa hesabu imezungushwa mara ngapi.

Sasa kosa langu. Shokapu ya kwanza ya upepo niliyofungua, nilizitoa boliti zote mbili kabisa, nikavuta miguu, haikutoka. Nikavuta tena, mtu mwingine akashika juu, haikutoka. Nikachukua bisibisi, nikaiingiza kwenye tundu la boliti, nikaipiga kwa nyundo. Fimbo ilitoka, lakini meno yake ya ndani yalikuwa yamepondeka na boliti haikushika tena. Nilipoteza mchana mzima nikijaribu kuyafufua yale meno, na mwisho nikamlipa mwenye baiskeli. Shokapu ile haikupata spea hapa mjini.

Nilichokuwa sijui ni kwamba ncha ya fimbo imebana kwenye mguu, na kutoa boliti peke yake hakuiachilii. Njia ni hii. Legeza boliti mizunguko mitatu au minne, usiitoe. Kichwa chake kitabaki kimejitokeza milimita chache. Kipige kwa nyundo ya mpira, pigo fupi lililonyooka, mpaka kichwa kirudi kugusa mguu. Utasikia mlio ukibadilika, kutoka mkavu kuwa mzito, na mkono utahisi kitu kimeachia. Hapo ndipo fimbo imetoka kwenye mbano, na boliti imeyalinda meno. Fanya upande wa pili hivyohivyo, ndipo utoe boliti zote.

Tatizo la pili, na hili ndilo lililomkuta kijana wa Mikindani: boliti inazunguka lakini haitoki, kwa sababu fimbo inazunguka nayo. Kwenye shokapu ya springi, mwambie mtu aikandamize shokapu kwa uzito wake huku wewe unafungua. Springi itaisukuma fimbo chini na kuizuia. Kama kuna nobu ya kukaza springi juu, ikaze mpaka mwisho. Upande wa dampa fanya kinyume, vuta mguu kwa nguvu mpaka mwisho wa mwendo huku unafungua. Na fungua kwa mshtuko, siyo kwa kuvuta polepole. Spana ya pembe sita yenye mpini wa T inafaa zaidi kuliko ile fupi ya L. Sisi ilituchukua kama saa moja, yeye akining'inia kwenye usukani, mimi nikiwa nimelala sakafuni.

Uwe na beseni chini, oili itamwagika. Na oili isifike kwenye diski wala pedi za breki; vitambaa vya kufunikia viwe tayari mapema.

Hatua ya 5: Kusafisha

Toa sponji, zioshe kwa sabuni, zikamue, zikauke kabisa. Ndani ya miguu pitisha kitambaa kilichozungushiwa kijiti cha mti, mara nyingi, mpaka kitoke cheupe. Petroli na mafuta ya taa visiguse sili, vinavimbisha mpira. Spiriti ya duka la dawa inatosha.

Pitisha ukucha kwenye mabomba. Mkwaruzo unaonasa ukucha ulainishe kwa msasa namba 2000 uliolowekwa oili, ukisugua kwa kuzunguka bomba. Shimo la kutu lijaze kwa rangi ya kucha isiyo na rangi, iache ikauke usiku mzima, kisha isawazishe kwa msasa huohuo. Mabomba ya alumini yenye rangi ya kahawia au dhahabu usiyaguse kwa msasa ila pale pale penye mkwaruzo, maana ile rangi ndiyo ngozi yake ngumu.

Hatua ya 6: Kurudisha

Loweka sponji kwenye oili mpaka zishibe, zirudishe chini ya sili. Paka sili grisi ya shokapu kwa ndani, kiasi kidogo. Grisi nzito ya beringi za gari siiweki, inaifanya shokapu iwe nzito kushuka.

Ingiza mabomba polepole, yakiwa yamelingana na midomo ya sili. Zungusha kidole kuhakikisha mdomo wa sili haujakunjika, kisha sukuma mpaka yapite bushi za kwanza na kuingia za pili. Simama kabla fimbo hazijafika chini. Laza shokapu, matundu ya boliti yakitazama juu kwa mshazari, na kwa sirinji ya duka la dawa weka oili katika kila mguu. Shokapu nyingi zinataka kati ya mililita 5 na 10. Fuata kipimo cha mtengenezaji wako na usizidishe kwa kudhani nyingi ni nzuri. Oili ya shokapu za pikipiki inafaa, na ukiikosa, oili ya injini ya 5W-30 inafanya kazi vizuri humu miguuni. Kwenye dampa usiiweke kamwe.

Boliti zirudi na washa mpya. Shokapu nyingi za kampuni ya RockShox zinakazwa karibu Nm 7 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza). Kama huna spana ya kipimo, kaza kwa spana ya L taratibu, usitumie nguvu zote.

RockShox wanaandika huduma hii ifanyike kila baada ya saa 50 za kupanda. Mtu anayekwenda na kurudi Mikindani kila siku, kama dakika 40 kila njia, anazifikisha kwa wiki tano hivi. Kwa anayepita mchanga wa pwani mimi nasema saa 25, na akiingia maji ya chumvi asisubiri saa zozote.

Siku mbili tatu za mwanzo utaona pete nyembamba ya oili kwenye mabomba. Ni ya kawaida, ifute. Ikiendelea na kuanza kuchuruzika mguuni, sili imekunjika, rudi hatua ya 6. Kisha bandika kipande cha plasta ya karatasi chini ya taji, uandike tarehe ya leo.